Twiga na Vumbi la Chini

Wanyama walipokuwa na mji wao, mkuu wa njia alikuwa Twiga, kwa sababu aliona mbali. Kila asubuhi Nyati walikatiza katikati ya makazi wakienda mtoni, na vumbi likajaa kila shimo. Twiga alitaka kuipanua njia hiyohiyo. Huko juu kilipokuwa kichwa chake, hewa ilikuwa safi.

Hata hivyo hakuacha kuitisha mikutano, maana mkuu mwema huuliza. Wakazi walisema chini, na Kasuku akaruka juu kumfikishia maneno.

"Wamesemaje?"

"Wameafiki, Mheshimiwa," Kasuku alijibu siku zote.

Safari hii Kasuku alifungua mdomo, sauti isitoke. Vumbi lilikuwa limemkaba koo. Twiga aliudhika, lakini mkutano hauwezi kufungwa bila jibu. Akatanua miguu ya mbele, akashusha shingo mpaka kwa Mama Nguchiro, mmoja wa wakazi wa mashimoni. Papo hapo Nyati wakapita.

Twiga akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama Nguchiro akamngoja amalize, kama anavyowangoja wanawe kila asubuhi.

"Tunaomba Nyati wazungukie kinamasini," akasema. "Udongo wa kule ni mbichi, hautimui vumbi."

"Mbona hamkusema siku zote hizo?"

"Tumesema kila mkutano, Mheshimiwa. Ila leo ndiyo umeinama."

Nyati wakahamishiwa kinamasini. Kasuku alipopona, aliruka juu na taarifa ya mkutano uliofuata, mdomoni tayari ana "wameafiki". Hakumkuta mtu. Twiga alikuwa chini, anauliza mwenyewe.