Supu ya Mwenye Nyumba

Simu ilitetemeka juu ya kifuniko cha sufuria, jogoo hajawika. Alikuwa mjukuu wangu Joséline, anayesoma Kanada. Huko ilikuwa bado jioni. Nilimwona ameketi jikoni kwa watu, mabegi miguuni.

"Bibi, nyumba tatu zimeninyima chumba. Huyu mama amekubali, lakini simjui, naogopa. Anataka jibu sasa hivi."

"Hata yeye hakujui. Mgeuzie simu nimwone."

Nikaona mikono ya mzee mwenzangu, mishipa imesimama. Alimimina supu kwenye kikombe. Akaonja kwanza yeye, akatulia kidogo, ndipo akampa Joséline.

Sisi wa makazi ya Katumba, hapa Tanzania, tulikuja na desturi hiyo toka Burundi: mgeni hapewi kinywaji mpaka mwenye nyumba akionje mbele yake, ajue hakina sumu. Labda yule mama alikuwa anapima moto tu.

"Lala hapo, mwanangu," nikasema.

Joséline akamwambia. Mama akasogeza uso karibu na simu, akasema maneno mengi taratibu.

"Anasemaje?"

"Anasema tangu wanawe wahame hakuna anayemjia. Anaomba kesho umtembelee tena."