Uzi Mweusi wa Kusukia

Fungu la mwisho la nywele lilipoanguka sakafuni, Estelle alijitazama kwenye kioo. Kichwa kilijaa mabaka, kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Hasira ndiyo iliyomshikisha mkasi: dada yake, aliyemsuka tangu wakiwa Bukavu, alikuwa anahamia Kanada jioni hiyo, na yeye anabaki ugenini, mtaani Kansanga.

Mlango ukafunguliwa. Dada yake aliingia na kitana na uzi mweusi.

"Keti, mdogo wangu. Nimekuja nikusuke kabla sijaenda—"

Macho yake yakatua kwenye nywele zilizotapakaa sakafuni.

"Yaya," Estelle alimwambia dada yake mkubwa, "nilidhani utaondoka bila kuniaga."

Akaketi mkekani, kati ya magoti ya dada yake. Vidole alivyovijua vikampapasa kichwani polepole, vikitafuta nywele za kushika.