Maganda ya Shemeji

"Mimi hulenga kwa jicho moja tu!" Ardith alijitapa mbele ya ukoo mzima, kisha akaongeza, "Maana hili jingine halioni kitu."

Wakacheka. Siku hiyo mshindi wa kulenga shabaha, kwa risasi alizojaza mwenyewe, ndiye angeujazia ukoo risasi za kuwindia kulungu. Miaka yote heshima hiyo ilikuwa ya shemeji yake.

Ardith alikuwa ameokota maganda ya risasi za dukani msimu mzima, akayaosha kwenye sinki la jikoni, akayatia kitakoni fataki mpya za kuwashia baruti, kisha baruti na vichwa. Akafyatua. Matundu yake yote kwenye shabaha yangefunikwa na kizibo cha soda. Akavimba kama bibi harusi.

Shemeji naye akafyatua; matundu yake yakabanana zaidi.

"Mkono wa fundi huo!" shemeji akatamba. "Risasi hizi nimezijaza mwenyewe jana. Wewe rudi kwenye mikate yako, shemeji."

Kwa mazoea tu, Ardith akainama akaokota ganda la shemeji, lingali la moto. Akaligeuza kitako. Fataki ilizungukwa na duara jekundu, rangi ambayo kiwanda hupaka kuzuia maji. Wanaojaza risasi nyumbani hawaipaki.

Akaliinua juu, wote walione.

"Shemeji yangu," akauliza kwa upole, "rangi hii uliipaka kwa brashi gani?"