Hodi ya Tatu

Umeme ulikatika kidogo tu ukarudi, na Mzee Burhani akajikuta nje ya baraza la mazungumzo aliloliunda mwenyewe ndani ya kompyuta, zamani, kabla mji haujajua kwamba mashine inaweza kukutanisha watu. Sheria aliiweka yeye: anayeingia aandike hodi, na aliyemo ndani amwandikie karibu, ndipo mlango ufunguke. Hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni aende zake. Wenzake walihamia kwenye simu, wengine makaburini. Yeye alibaki humo miaka yote, asitoke, ili asikosekane wa kuitikia.

Aliandika hodi. Kimya. Akaandika tena.

"Si wewe uliyeliunda, ami?" alisema Raya, binti wa kaka yake, akimwekea chai ya maziwa. "Badilisha sheria, ujifungulie."

"Mtu hajikaribishi mwenyewe, mwanangu."

Raya akatoka, akaurudishia mlango. Chai ikafanya utando. Mzee akaandika hodi ya tatu, herufi moja moja, kisha akaegemeza kidole juu ya kitufe cha kutuma, asikibonyeze, akawa anasikiliza.