Mezuza ya Chumba cha Tirtza

Kabla hata ya kusalimu, mgeni alitoa mfukoni soksi ya mtoto, na ndani ya soksi kijaluba cha bati chembamba kama kidole, cha kuhifadhia mezuza, ile ngozi ya maandiko matakatifu ambayo Wayahudi huipigilia kwenye miimo ya milango ili kuilinda nyumba.

"Wewe ndiye Rebi Fishel, mwandishi?"

"Ndimi," alijibu Fishel Lemberger, bado amesimama mlangoni.

"Naitwa Kalman Dreznin. Nimetoka Tiberia na basi la alfajiri. Hii mezuza nimeing'oa mwenyewe kwenye mwimo wa chumba cha binti yangu. Ni kazi yako. Nimekuja uikague."

Kalman alinyoosha mkono. Fishel aliinamisha kichwa tu, mikono yake ikabaki ndani ya koti.

"Haya, sawa!" Kalman alicheka. "Mkono kama huo hata mimi ningeuficha. Unasifiwa mpaka kwetu ziwani."

Fishel hakucheka. Alimkaribisha ndani.

Mkewe, Yokheved, alileta chai. Kisha, bila kuambiwa, alifungua kijaluba, akaichomoa ngozi iliyokunjwa, akaitandaza chini ya taa mbele ya mumewe na kuibana pembe zake. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi.

"Naona leo biringanya za kuchoma zimekushinda, mama," Kalman alitania.

Yokheved alijifuta kwenye aproni, akarudi jikoni.

"Tirtza ana miaka sita," Kalman alisema, na kicheko kikamtoka usoni. "Hii ni wiki ya tatu yuko hospitali. Homa inapanda, inashuka, madaktari wanabishana. Rabi wetu akaniambia, usiwaache madaktari, lakini na mezuza za milango yako zikaguliwe. Akanihesabia yote: ngozi iwe ya mnyama halali, wino mweusi, herufi zisigusane, zifuatane kwa mpangilio wake, mwandishi awe mwanamume mzima mcha Mungu, na nia yake iwe safi. Nikamwambia, rabi, hizi ni za Lemberger, nimezinunua miaka mitatu tu iliyopita! Akasema, nenda hata hivyo."

"Ziko ngapi?"

"Saba, nyumba nzima. Nimeanza na mlango wake." Alisukuma chai kando. "Rebi, niahidi kitu. Ukiona kasoro, niambie. Usinihurumie. Huruma za madaktari zinanitosha."

"Nakuahidi," alisema Fishel, haraka mno.

Alishika lenzi kwa mkono wa kushoto, akainama. Mwandiko aliujua kabla hajavaa miwani. Alianza mstari wa kwanza, akashuka polepole, herufi kwa herufi. Alikuwa anatafuta ufa, na aliuombea uwepo. Ufa mmoja tu, chembe ya wino iliyobanduka kwa unyevu wa ziwani. Angemwonyesha mgeni, angempa anwani ya mwandishi mwingine, na yangeishia hapo.

Hakukuwa na ufa. Mistari yote ishirini na miwili ilikuwa mizima, mizuri kiasi cha kumchoma moyo.

"Vipi?" Kalman aliuliza.

"Subiri."

Alirudia toka mwanzo. Ziko kasoro ambazo lenzi haizioni. Mtu akiandika neno la tatu kabla ya la pili, au akiliandika Jina la Mungu huku akiwaza sokoni, ngozi haisemi. Hapo watu hawana pa kushika ila mdomo wa mwandishi. Ndiyo maana wanamtaka awe mcha Mungu. Na Fishel alikuwa amenyamaza muda mrefu, akiuita ukimya wake kwa majina mengine: njaa, aibu, watoto. Wanaume walimshukuru sinagogini kwa mezuza za nyumba zao mpya, naye alirudi nyumbani akashindwa kumeza mkate.

Neno "halali" lilikuwa tayari ulimini. Alitamke tu, na baba huyu angepanda basi akiwa na moyo mwepesi. Na Jumatatu Gitel, binti yao wa mwisho, angeolewa kama ilivyopangwa. Wakwe walikuwa wamemchagua kwa sababu ya jina Lemberger, hawakuficha. Katika mtaa huu peke yake wa Yerusalemu, zaidi ya nyumba mia moja zilikuwa na jina hilo milangoni.

Yokheved alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alitikisa kichwa taratibu.

"Gitel," alisema kwa sauti ndogo. Hilo tu.

Fishel alivua miwani.

"Ni batili," alisema. "Hii, na zile sita ulizoacha nyumbani. Zitoe leo. Nitakupeleka kwa mwandishi mwingine, na gharama ni yangu."

Kalman aliinama juu ya ngozi mpaka pua ikaikaribia. "Herufi ipi?"

"Herufi zote ni nzima."

"Mpangilio basi?"

"Hakuna neno lililotangulia jingine."

"Rebi, unanichezea? Nimemwacha mtoto kitandani! Nia yako ndiyo haikuwa safi?"

"Nia?" Fishel aliweka lenzi mezani. "Nia ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Lakini uliniomba kweli, nami nikakuahidi. Mkono wangu ulipooza miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo sijaandika hata herufi moja."

Kisha akageukia jikoni.

"Yokheved, mke wangu, njoo ukae nasi. Njoo na kalamu yako."