Nadhiri ya Kidole cha Marielos

Evelio Zúñiga alizinduka kutoka usingizi wa mchana akakuta mguu wake wa kulia umo ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Mkewe, Marielos, alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti, mkasi mkononi, akiukagua mguu wa kushoto kama mtu anayenunua farasi mnadani.

"We mwanamke, unanifanyia nini?"

"Nakukata kucha. Tulia. Zinakatwa moja kwa moja, bila kuzungusha pembeni. Ukichimba pembe, ukucha unazamia nyamani, yakupate yaliyonipata."

Yaliyompata, mtaa mzima uliyajua. Alinunua viatu vyenye ncha kama mdomo wa kasuku kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, akacheza navyo mpaka wapiga muziki wakachoka, kisha akajichokonoa ukucha wa kidole gumba kwa pini. Kidole kikavimba kama nyanya, kikatunga usaha. Hata shuka likikigusa, alipiga yowe mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Katika maumivu hayo akaweka nadhiri kwa Bikira wa Malaika: kidole kikipona, Agosti Bikira atapelekewa shukrani kwa miguu mitupu, kutoka mlangoni mwao Desamparados hadi madhabahuni kwake Cartago.

Kisha akaenda kwa Xinia, daktari wa miguu. Daktari akakitia ganzi kidole, akakata ukingo uliozama, akaamuru viatu vipana, soksi safi, na kukausha vizuri katikati ya vidole. Kidole kikapona. Daktari alishukuriwa kwa sufuria nzima ya tamale, vitumbua vya unga wa mahindi vilivyojazwa nyama ya nguruwe. Bikira alikuwa bado anasubiri.

"Ukucha mpya ungali mwororo," Daktari Xinia alionya wiki ileile ya beseni. "Barabara yote ile, peku? Kokoto moja tu, tunaanza upya na sindano."

"Hautaguswa na kokoto, daktari."

Evelio, aliyekuwa amemsindikiza, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Anayelia kwa shuka, ataiweza lami?"

Kadiri Agosti ilivyokaribia, Marielos alikosa raha. Nadhiri huku, huruma kule. Jumapili baada ya misa alimwendea Padre Anselmo, Evelio akiwa ubavuni pake.

"Padre, nadhiri inaweza kubadilishwa? Badala ya kwenda peku, niwashe mishumaa?"

"Kwa nini isiwezekane, mwanangu?" Padre alitabasamu. "Bikira ni mama. Mishumaa michache, rozari..."

"Hapana, Padre!" Evelio alidakia. Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa mlangoni wakageuka. "Unisamehe, lakini ahadi ni deni. Kwa Bikira hatupatani bei kama tunanunua viazi. Nadhiri ilisema peku, basi ni peku, hatua kwa hatua!"

"Una hakika, mume wangu?" Marielos aliuliza kwa sauti ndogo. "Ni mbali. Na kuna ule mlima wa Ochomogo."

"Hata ingekuwa Roma!"

"Mmemsikia mume wangu?" akawauliza wale wanaume.

"Tumemsikia!" Mzee Melico akampiga Evelio begani. "Huyu ndiye mwanamume mwenye imani!"

Padre akainua mikono. "Basi na iwe hivyo."

Tangu siku hiyo Marielos akawa mwepesi kama kigori. Aliimba akipika maharage, aliimba akianika nguo. Kila jioni alimpaka Evelio mafuta ya nazi nyayoni, kisha akamtuma atembee uani bila viatu. "Miguu ipate hewa," alimwambia. Evelio alizunguka katikati ya kuku akijiona mfalme. Alimwonea huruma Mzee Melico, ambaye mkewe hata soksi hakumfulia.

Asubuhi ya safari barabara ilijaa mahujaji. Wanaume wa kanisani walikuwepo wote, na Padre alikuwa akinyunyiza maji ya baraka. Evelio alitoka nyumbani amevaa buti mpya, chupa ya maji begani, kifua mbele. Alimkuta mkewe ameketi kizingitini, akifunga kamba za raba nyekundu, pana, mpya kabisa.

"He! Mama, umesahau?" alipaza sauti ili wote wasikie. "Vua viatu! Nadhiri ni nadhiri!"

Marielos aliinuka, akakanyaga chini kupima kama kidole kina nafasi, kisha akamtazama mumewe kwa upendo mwingi.

"Sijasahau hata neno, Evelio. Nilimwambia Bikira hivi: 'Mama, kiponye kidole changu, na Evelio Zúñiga atakuja kukushukuru peku.'"