Tairi za Nyuma

Tairi za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa. Za mbele bado zilikuwa na meno. Nzivo alizunguka gari lake katika uwanja wa kituo cha polisi, akainama, akazipapasa kwa kiganja. Zote nne alizinunua siku moja.

"Si nililalamika, Mama Mukai? Ukaniambia ni ubovu wa barabara."

"Nilisema hivyo," Kavindu, mkewe, akajibu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, mkoba ameukumbatia kifuani.

Nzivo alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Alitoka nyumbani, mtaa wa Fedha, kabla ya jogoo kuwika, akarudi kula na kusinzia kwenye kiti, sahani ikiwa bado mapajani. Gari lake mwenyewe hakuligusa, maana mtu aliyeshinda ameshika usukani hana hamu ya kuushika tena. Kila Jumamosi yeye akiwa kazini, mkewe alilipeleka kuoshwa kwa Wekulo, kisha akaenda mazoezi ya kwaya. Hayo ndiyo aliyoyajua Nzivo kuhusu gari lake, na yalimtosha.

Mpaka ile video ilipoingia kwenye simu za mtaa mzima. Gari la rangi ya fedha likizungushwa katikati ya njia panda, moshi wa tairi ukipanda, vijana wakipiga mbinja. Vioo vilikuwa vyeusi na dereva hakuonekana. Nambari ya gari ilionekana vizuri sana.

Polisi walilichukua gari, wakamchukua na Wekulo. Mtaani hakuna aliyeshangaa. Vijana wa kuosha magari wanajulikana. Ukiwaachia ufunguo, umewaachia gari.

"Mzee, sikiliza," alisema Sajini Nabiswa, naye macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Haya mambo ya kuchezesha magari barabarani hayana msamaha siku hizi. Faini, jela, leseni kuchukuliwa, au vyote pamoja. Gari ni lako. Ama ulikuwa wewe, ama useme huyu alilichukua bila ruhusa."

Leseni ndiyo iliyokuwa ugali wa nyumba ya Nzivo. Hakuhitaji kufikiri.

"Ni yeye."

"Baba Mukai, mwache mtoto wa watu," Kavindu alisema. "Mke wake amejifungua juzi tu."

"Na mimi nani atanihurumia? Nimechoka, Mama Mukai."

"Sote tumechoka," akasema polepole, na Nzivo hakumtazama.

Wekulo alikuwa ameketi kwenye benchi, bado na gambuti zake za kazi.

"Mzee, mimi hata kuendesha sijui, haki ya Mungu. Naosha tu. Nikitaka kusongesha gari, naisukuma na mikono. Uliza mtu yeyote pale."

"Basi nani alikuwa anaendesha?" Sajini akauliza.

Wekulo akafunga mdomo. Kule kwao mtu hawezi kumtaja mwingine mbele ya polisi kisha arudi mtaani aamkuliwe. Sajini alilijua hilo, na lilimchosha zaidi.

Nje, lori la kupeleka mahabusu mahakamani lilipiga honi. Gari la Nzivo lilikuwa limeachwa limekingama mbele ya lango. Sajini akachukua ufunguo mezani, akamrushia Wekulo.

"Wewe bingwa wa video. Hebu toa hiyo gari njiani."

Wakatoka wote. Wekulo aliingia, akawasha. Gari likaruka mara moja, likazima. Akawasha tena, likaruka tena, likazima na kusita hatua chache tu kutoka ukutani. Mahabusu ndani ya lori wakacheka. Wekulo akashuka, jasho likimtiririka, akaweka ufunguo juu ya boneti.

"Anajifanya," alisema Nzivo. Aliona aibu kidogo kulisema, lakini alilisema.

"Najua," Sajini akajibu. "Maigizo nimeyaona mengi. Mtieni pingu, apande lori."

Konstebo akamshika Wekulo mkono. Kijana akamtazama Kavindu mara moja, kisha akainamisha kichwa.

Kavindu alivuta pumzi ndefu. Akamkabidhi mumewe mkoba. Akavua viatu, kimoja, cha pili, akampa navyo. Nzivo alidhani anataka kupiga magoti mbele ya Sajini, akataka kumzuia.

Lakini Kavindu alichukua ufunguo juu ya boneti, akaingia garini, akafunga mlango.

Injini ilinguruma. Gari likarudi nyuma kwa kasi, likakata kona, sehemu ya nyuma ikaruka upande, likazunguka duara zima katikati ya uwanja na vumbi likafunika kila mtu. Vumbi liliposhuka, gari lilikuwa limetulia kinyumenyume kati ya mikweche miwili kando ya ukuta, na halikugusa hata mmoja. Njia ya lori ilikuwa wazi.

Hakuna aliyecheka. Konstebo aliuachia mkono wa Wekulo bila kuambiwa. Kioo cheusi kikashuka taratibu.

"Baba Mukai," Kavindu aliita kwa sauti iliyochoka, "niletee viatu vyangu. Na mkoba umpe Sajini, leseni yangu imo humo."